El Niño ya Gulu si El Niño ya Kampala

Kila El Niño, yaani kupata joto kupita kawaida kwa maji ya Pasifiki ya kati na mashariki, inapotangazwa, ujumbe unaoenea Uganda ni mmoja: mvua kubwa inakuja, zibueni mitaro. Kwa Kampala, Masaka na Jinja tahadhari hiyo ina msingi, mradi tunazungumzia Oktoba hadi Desemba. Kwa Gulu, Kitgum na Karamoja, kaskazini mwa nchi, ambako Juni hadi Septemba ndiyo miezi inayojaza au kuacha tupu ghala, neno hilohilo mara nyingi huashiria upungufu.

Wengi hudhani mvua ya kaskazini huletwa na kusi, kwa kuwa inatoka baharini. Lakini sehemu kubwa ya kusi hupinda kando ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ikapita Somalia kuelekea India. Ndio mkondo alioueleza John Findlater mwaka 1969. Tawi jingine hubanwa kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya, likapita Turkana kwa kasi na kuondoka na unyevu wake. Kinachoinyeshea Acholi na Lango, maeneo ya kaskazini mwa Uganda, hasa ni hewa ya magharibi, kutoka msitu wa Kongo, inapokutana na kusi na kulazimika kupanda. El Niño huidhoofisha hewa hiyo, na huudhoofisha pia mkondo wa mashariki unaovuma juu sana, kilomita 12 hadi 16, unaosaidia mawingu kukua. Mwaka 2015, mwaka wa El Niño kali, mvua za Juni hadi Septemba zilishindwa vibaya katika nyanda za juu za Ethiopia, zinazonyeshewa na mfumo huohuo.

Wako wanaosema mvua yetu ni ya hapahapa: Ziwa Victoria, misitu, milima. Hawakosei. Upepo wa nchi kavu hukusanya mawingu juu ya ziwa usiku, ndiyo maana visiwa vya Ssese hunyeshewa alfajiri. Na mafuriko ya Mbale ya mwisho wa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika, hayawezi kuelezwa bila Mlima Elgon. Mazingira ya karibu huamua mvua ianguke wapi na saa ngapi. Ila ziwa lipo kila mwaka, mlima haujahama, na bado mwaka mmoja Teso, mashariki mwa nchi, inafurika, kama 2007 Pasifiki ilipoelekea La Niña, kinyume cha El Niño, na mwingine mtama unakauka.

Hasara ya kuchanganya haya ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mkulima wa Kitgum anayesikia "El Niño" mwezi Juni huogopa maji kutuama, na simsim (ufuta) haivumilii maji kutuama. Basi anaiacha, anapanda mtama wa muda mrefu unaohitaji mvua hadi Oktoba. Alichohitaji ni mbegu inayokomaa mapema, na ipandwe udongo ungali na unyevu. Tangazo lisilotaja mwezi na eneo linamwelekeza kinyume.

Anayetaka kufuatilia mwenyewe asitegemee ramani ya upepo wa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari: uwanda wetu uko karibu mita 1,100, kwa hiyo upepo huo huvurugwa na vilima na ziwa. Atazame ule wa mita 3,000. Ukiacha kuvuma kutoka mashariki na kuvuma kutoka magharibi kwa siku mbili tatu, mvua ya eneo pana iko karibu.