Ameulizwa ataolewa lini

Mpwa wangu alimaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwaka jana. Wiki mbili zilizopita aliitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, katika hoteli moja kati ya nyingi zilizojengwa hapa Dodoma tangu Serikali ihamie. Hawakumuuliza kuhusu kompyuta wala lugha. Walimuuliza kama ameolewa. Aliposema bado, mmoja akaendelea: "Sasa unaolewa lini? Tusije tukakuajiri leo, kesho unatuletea habari za mimba." Kazi hakupata.

Jioni alikuja kwangu Ipagala. Nilipomwambia aende kulalamika, alinijibu, "Mjomba, acha tu. Nitathibitisha vipi?"

Jibu hilo limeniuma kuliko hata swali la usaili. Watu wetu wengi wanaishia hapo hapo, wakidhani aliyebaguliwa ndiye abebe mzigo wote wa ushahidi, na sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inasema mlalamikaji akishaonyesha mambo ya awali yanayoashiria ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea. Tena kifungu hicho kinamhesabu hata mwombaji wa kazi kuwa mfanyakazi. Jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri, VVU, dini, kabila na mahali mtu anapotoka, yote yametajwa humo. Mimi ni Mgogo, na ile kauli ya "Wagogo hawafai kazi" nimeisikia mpaka kwenye maduka yaliyojengwa juu ya mashamba ya babu zetu. Hiyo nayo imo.

Najua waajiri watasema nini. Mama mwenye mgahawa wa watu wanne anaona siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo ni mzigo mkubwa, na simlaumu kwa kuogopa. Lakini hofu yake haimpi ruhusa ya kumkagua binti wa watu tumbo. Na hoteli ya ghorofa tano haina hata hicho kisingizio. Sheria inamtaka mwajiri aende mbali zaidi ya kutobagua: akuze fursa sawa kazini kwake, na mpango wa kufanya hivyo ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Nimewauliza wafanyabiashara watatu ninaofahamiana nao, na hakuna aliyewahi kusikia habari hiyo.

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu. Migogoro mingine ni siku 60. Muda huu unapotea haraka mtu akikaa nyumbani akinung'unika.

Nilimpa mpwa wangu daftari. Ameandika tarehe, saa, maneno aliyoambiwa kama yalivyotamkwa, na majina ya wote waliokuwa chumbani. Jumatatu asubuhi tunakwenda CMA pamoja.