Mwalimu wa tuisheni, usiache utani

Sisi tunaofundisha wageni Kiswahili, mmoja mmoja, majumbani kwao au mtandaoni, hatuna mwalimu mkuu wa kutukingia kifua. Mwanafunzi anaahirisha kipindi dakika chache kabla, wewe umeshapanda daladala kutoka Mbagala kwenda Masaki. Nauli imekwenda, na muda ule humpati mwingine wa kuujaza. Ukinuna, utampoteza. Ukinyamaza, wiki ijayo atarudia. Mimi nasema dawa yake ni utani, na nasema kwa dhati kabisa.

Utani wetu haujawahi kuwa wa kuchekesha tu. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu enzi za misafara iliyokuwa ikishuka pwani, na mpaka leo mtani anaingia msibani akasema ukweli ambao ndugu wa damu anauogopa, na hakuna wa kumkasirikia. Hicho ndicho anachokihitaji mwalimu wa tuisheni: kusema jambo gumu bila kuvunja undugu.

Nilikuwa na mwanafunzi, mhandisi wa barabara, ambaye kila mara alinitumia "Samahani mwalimu, leo nimebanwa" nikiwa nimeshafika getini kwake. Siku moja nikamjibu: "Jina lako limeingia kwenye daftari la watoro. Faini ya utoro ni sawa na ada ya kipindi. Kesho uje na mzazi." Haukupita muda pesa ikaingia kwenye simu, na ujumbe nyuma yake: "Mzazi amesafiri, ila ametuma faini." Tangu hapo akibanwa hunijulisha siku moja kabla. Ningemwandikia kwa lugha ya mkataba, naamini tungebishana mpaka leo.

Mtandaoni balaa ni saa. Wajerumani husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatusogezi. Majira ya baridi tunawatangulia saa mbili, ya joto saa moja. Kwa hiyo kila mwisho wa Machi hakosi mmoja wa kunipigia saa 1 usiku badala ya saa 2, nami nina tonge mkononi. Zamani ilikuwa inanikera. Siku hizi naigeuza kamera kwenye sahani, namwambia amekuja na njaa kama mkwe, na somo linakuwa hilohilo: ataje anachokiona, aulize kimepikwaje, anikosoe nikila kwa haraka. Vipindi vya namna hiyo ndivyo wanavyovikumbuka.

Hata ngeli hulainika. Mtu mzima aliyesoma akafika mbali anakasirika kweli kuambiwa kiti ni kikubwa lakini kiboko ni mkubwa. Unaweza kumweleza habari za viumbe hai, na lazima umweleze, lakini kwanza mwambie kiboko amekataa kupangwa na viti, na mwenye ubishi aende Rufiji akamwulize mwenyewe. Akicheka, kalamu inarudi mkononi.

Kuna kicheko kimoja nakipinga kwa nguvu zote: kile cha kuucheka mdomo wa mwanafunzi. Mgeni akikosea neno sokoni, genge zima linaangua kicheko. Wengi wao wamefurahi tu kusikia anajaribu, lakini yeye hajui hilo, na kesho anarudi kwenye Kiingereza chake. Mwalimu naye akimcheka, atajaribia wapi? Mtanie kwa utoro, kwa kiboko, kwa foleni ya magari pale Morocco, Dar es Salaam. Matamshi yake yasahihishe kwa upole.

Na wapo wasiotanika. Anayetaka nusu bei kwa kuwa "si tunaongea tu" namwonyesha mazoezi niliyomwandalia usiku, namtajia bei ileile, basi. Anayedaiwa ada ya miezi simtanii kabisa. Namtumia jumla ya deni, tarehe ya mwisho na namba ya kulipia, na vipindi vinasimama mpaka alipe.