Kazi ya kukaa vizuri gizani

Kinorwei kina neno koselig, na nomino yake kos, yaani hali ya kukaa vizuri penye joto na utulivu, ambalo nje ya Norwei limeuzwa pamoja na blanketi la sufu, soksi nene na mshumaa wenye harufu. Wanaolibeza wanalibeza kwa picha hiyohiyo: starehe ya wenye nazo, waliojifungia ndani wakauita uvivu wao utamaduni. Wauzaji na wakosoaji wote wameangalia vyombo, kitenzi wakakiruka. Mnorwei husema å kose seg, yaani kujifanyia kos, na akikuaga Ijumaa jioni hukuambia kwa sauti ya kuagiza: kos deg! Neno hilo linataka utende.

Tazama moto wenyewe. Kuni zinazopendwa ni za bjørk, mti wenye gome jeupe. Hukatwa mwishoni mwa majira ya baridi, kabla mti haujaanza kupandisha maji, hupasuliwa mapema na kupangwa penye upepo, zikifunikwa juu tu na kuachwa wazi pembeni, ili kufikia vuli unyevu uwe chini ya asilimia 20. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa mlio mkali wa wazi, vibichi hutoa kishindo kizito kama mlango uliovimba. Katika jiko la chuma, magogo makubwa hukaa chini, yakiachiana nafasi ya kidole, membamba hukingama juu yake, na vijiti vya kuwashia hukaa juu kabisa. Hapo ndipo kiberiti kinapowekwa. Moto ukishuka kutoka juu, gesi zinazotoka kwenye magogo ya chini hupita katikati ya ndimi zake na kuungua humo, wala hazipandi kama moshi. Kosa la kawaida ni kubana hewa usiku ili kuni zifike asubuhi. Zitafukuta tu, lami itagandamana ndani ya bomba, na lami hiyo ikishika moto, nyumba nzima imo hatarini.

Februari 2013 shirika la utangazaji la NRK lilirusha kipindi cha saa 12 kuhusu kuni, na saa 8 kati ya hizo zilikuwa za moto ukiwaka tu. Watazamaji walituma malalamiko: wengine kwamba gome limeelekezwa juu, wengine kwamba limeelekezwa chini. Watu wasiojali hawagombani hivyo. Mwanga nao una taratibu zake: taa ndogo tatu au nne zilizowekwa chini, kila moja kwenye pembe yake, na moja dirishani bila kuvuta pazia, ili mpita njia naye aione.

Huko Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, jua huzama chini ya upeo mwishoni mwa Novemba na kurudi katikati ya Januari. Adhuhuri huwa na saa chache za rangi ya buluu, basi. Mwanasaikolojia Kari Leibowitz alikwenda huko kutoka Marekani na, pamoja na Joar Vittersø wa chuo kikuu cha Tromsø, akawauliza watu wa kusini mwa Norwei, wa Tromsø na wa Svalbard, visiwa vya kaskazini zaidi, wanauonaje msimu wa baridi. Matokeo yao yalichapishwa 2020. Ungetarajia kwamba kadiri giza linavyozidi ndivyo chuki yake inavyozidi. Ilikuwa kinyume: wa kaskazini waliuona msimu huo kwa jicho jema kuliko wa kusini, na wenye jicho hilo walikuwa pia wameridhika zaidi na maisha yao.

Hapa lazima twende taratibu. Utafiti huo haukupima kos, wala haukuthibitisha kwamba mtazamo ndio unaoleta furaha. Aliye na furaha tayari huenda huona kila kitu vizuri. Tena aliyeshindwa na giza la Tromsø pengine alishahamia Oslo, kusini, hayumo katika hesabu. Hata tukiyapunguza hayo yote, mwelekeo wa matokeo unabaki upande usiotarajiwa, na mimi siamini kwamba jicho jema huota lenyewe mahali pasipo na jua. Hufundishwa, jioni moja baada ya nyingine, na mtoto anayekabidhiwa kiberiti na kuonyeshwa pa kuwasha.

Hoja za wapinzani si za kupuuza. Moshi wa kuni ni chanzo kikubwa cha chembe laini zinazochafua hewa ya miji ya Norwei siku za baridi zisizo na upepo. Ndiyo maana tangu 1998 majiko mapya lazima yawe ya kuungua safi, na mji wa Bergen ulikataza yale ya zamani kuanzia 2021. Tatizo hilo lina fundi: jiko jipya, kuni kavu, hewa ya kutosha. Mishumaa nayo huunguza nyumba, hasa Desemba, na siku ya kukagua king'ora cha moshi imewekwa tarehe 1 ya mwezi huohuo.

Mlango ndio hoja inayouma. Kos ya Ijumaa ni ya familia, kwenye sahani za taco, chapati nyembamba zilizokunjiwa nyama, na kochi moja, na hakuna anayebisha hodi bila kualikwa. Mwanaanthropolojia Marianne Gullestad alionyesha jinsi Wanorwei wanavyothamini fred og ro, amani na utulivu, na jinsi wanavyoilinda kwa kukaa mbali na wanaoonekana tofauti. Mkongo aliyepokelewa huko kama mkimbizi, aliyezoea baraza na jirani anayeingia tu, huiona taa ya dirishani na asijue kwamba haimwiti. Hilo ni jeraha la kweli, na wapenzi wa kos hulikwepa.

Ila kos ya nje haina mlango. Majira ya kuchipua tangazo la dugnad, kazi ya pamoja isiyo na malipo, hubandikwa kwenye ngazi za majengo ya makazi: siku, saa, lete glovu na reki. Halihitaji mwaliko, kila mkazi anahesabiwa humo. Majani yakishazolewa, soseji huchomwa, kahawa humiminwa kutoka kwenye chupa za chai, na maandazi bapa ya vaffel hutolewa na jibini ya kahawia. Wakati huo, mikono ikiwa bado na udongo, ndipo jirani wa ghorofa ya pili anapouliza jina lako kwa mara ya kwanza.