Siku Niliyommwagia Rajinikanth Maziwa ya Shangazi

Shangazi yangu anajua Kihindi, lakini cha sinema. Alikulia Tanga wakati ambapo watu walivaa na kujipulizia marashi kwenda kuangalia filamu ya Kihindi, wakalia pamoja gizani, kisha wiki nzima wakaimba nyimbo wasizozielewa. Katika masomo hayo alitoka na sentensi nne anazozimudu barabara: "nakupenda", "mama, nimerudi", "mheshimiwa hakimu, huyu hana hatia" na "mshenzi wee, leo hutoki hapa mzima."

Kwa hiyo mwaka 2016 madaktari waliposema goti lake limekwisha na lenye afadhali ni kwenda kuwekewa la bandia Chennai, kusini mwa India, yeye ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wote kwenye kikao cha ukoo. "Lugha naijua," akasema. Mimi nikachaguliwa kumsindikiza kwa sababu nilikuwa na pasipoti na sikuwa na mke wala kazi ya kuniulizia.

Tatizo ni kwamba Chennai hawazungumzi Kihindi. Wanazungumza Kitamil, na ukiwaletea Kihindi unaweza kudhani umewatukania wazazi. Mwaka 1965 serikali kuu ilipotaka Kihindi kiwe lugha rasmi ya nchi nzima, huku kusini watu waliingia barabarani, wengine wakajichoma moto, na miaka miwili baadaye chama kilichokuwa kikitawala kikaangushwa kwenye uchaguzi wa jimbo, na zaidi ya nusu karne ikapita bila kurudi madarakani pale. Shangazi hakuyajua hayo. Alimwambia dereva wa bajaji, kwa tabasamu lote, "mama, nimerudi." Yule bwana akajibu kwa Kiingereza, bila kugeuka, kwamba nauli imepanda. Mtu pekee aliyemwelewa mji mzima alikuwa muuza biriani karibu na msikiti wa Wallajah, Mwislamu wa Kiurdu, lugha inayosikilizana na Kihindi, na huyo naye aliambiwa "nakupenda" kwa kuwa ndiyo sentensi iliyokuwa karibu zaidi na "ongeza nyama."

Tulifikia nyumba ya wageni mtaa wa Triplicane, si mbali na ufukwe wa Marina. Mwenye nyumba alikuwa karani mstaafu wa reli, na aliniita thambi, mdogo wangu, ingawa umri wake ungetosha kuwa babu yangu. Jioni, Shangazi akiwa wodini, mzee alinipa darasa la siasa za Tamil Nadu, jimbo lenye Chennai, na darasa lenyewe lilikuwa fupi: huku ukitaka kutawala, anzia sinema. Annadurai aliyeshika jimbo mwaka 1967 alikuwa mwandishi wa tamthilia na filamu. Karunanidhi aliyemfuata, mwandishi wa filamu. Akaja M. G. Ramachandran, MGR, staa mwenyewe, aliyepigwa risasi ya koo na mwigizaji mwenzake mwaka huohuo wa 1967. Picha yake kitandani, shingo imefungwa bandeji, ikabandikwa kila ukuta, na akashinda ubunge bila kutoka hospitali. Alikuwa kiongozi wa jimbo kuanzia 1977 hadi kufa kwake mwaka 1987, ukitoa miezi michache. Baadaye akafuata Jayalalithaa, aliyekuwa akicheza naye kama mpenzi wake kwenye filamu, na yeye ndiye tuliyemkuta madarakani, ameshinda tena mwezi Mei.

Watu walimwita Amma, mama, na uso wake ulikuwa kila mahali. Kulikuwa na maji ya Amma, chumvi ya Amma, saruji ya Amma, duka la dawa la Amma. Kulikuwa na mgahawa wa Amma ambako idli, vile vitumbua vyao vyeupe vya mvuke, viliuzwa rupia 1 kimoja. Mimi nilikuwa nakula pale kila asubuhi, na nakiri kwamba angekuja mtu na sanduku la kura kabla sijanawa mikono, Amma angekuwa na kura yangu.

Mzee alinituma pia nikalione kaburi la MGR pale Marina. Watu wanaamini alizikwa na saa yake ya mkononi na kwamba bado inatembea, hivyo wanapiga foleni, wanainama, wanalaza sikio kwenye marumaru. Mimi mtu wa Tanga. Mambo ya kusikiliza makaburi siyo mageni kwetu. Nikainama. Tik, tik, tik, wazi kabisa! Nywele zikanisimama. Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega na kunionyesha mkono niliokuwa nimeuweka chini ya sikio langu mwenyewe, wenye saa yangu mwenyewe.

Na kulikuwa na Rahu, sayari ya nuksi katika unajimu wao. Kila siku ina saa moja na nusu yenye nuksi, na kila siku ina yake. Ya Ijumaa ni kuanzia saa nne na nusu hadi saa sita mchana. Ndani ya muda huo huanzishi jambo la maana. Mzee alikuwa na kalenda ukutani inayoonyesha yote hayo, na aliulizia saa ya upasuaji wa Shangazi kwa wasiwasi kuliko Shangazi mwenyewe. Shangazi alipoelezwa hakucheka hata kidogo. Aliuliza tu kama hirizi yake ataruhusiwa kuingia nayo chumba cha upasuaji. Hakuruhusiwa. Akamkabidhi nesi, nesi akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye droo pamoja na picha ya Bikira Maria.

Sasa, Ijumaa tarehe 22 Julai. Shangazi alikuwa ameshafanyiwa upasuaji na ameanza kukasirika, dalili nzuri. Alitaka chai ya maziwa ya kupikwa na mtu wake, siyo ya hospitali. Nikatoka alfajiri kununua maziwa, niichemshe chai kwa mzee, nimpelekee kwenye chupa. Nilijua Rahu bado yuko mbali. Juu ya Rajinikanth hakuna aliyenitahadharisha.

Kibanda cha kwanza: maziwa hakuna. Cha pili: hakuna. Cha tatu muuzaji akanipa pakiti mbili za nusu lita alizozificha chini ya meza, na akanitazama kwa huruma fulani ambayo sikuielewa. Nikakata mtaa kurudi, nikaingia kwenye umati. Ngoma zinalia. Kafuri inawaka kwenye sinia. Nazi zinapasuliwa chini, boga kubwa limepigwa kishindo barabarani, ndani yake rangi nyekundu imetapakaa. Mashada ya maua, watu wamefumba macho. Nikasema hii ibada, na mimi nimelelewa. Nikavua kandambili, nikainamisha kichwa, nipite pembeni kwa adabu.

Nilipoinua kichwa nikamwona mungu mwenyewe. Alikuwa wa ubao, mrefu kama mnazi, amevaa suti na miwani ya jua, amekunja nne.

Alikuwa Rajinikanth, na siku hiyo filamu yake mpya ndiyo ilikuwa inatoka. Yule bwana alianza maisha kama kondakta wa basi Bangalore, na kufikia asubuhi ile kampuni zilikuwa zimewapa wafanyakazi likizo na ndege ya AirAsia imepakwa picha yake ubavuni. Mashabiki wake humwogesha maziwa, kama sanamu za hekaluni zinavyoogeshwa. Wauza maziwa wenyewe wamewahi kulalamika hadharani. Mimi hayo yote nilikuja kuyasoma baadaye. Wakati ule nilichokiona ni vijana wamenizunguka, wananitazama usoni, kisha wanatazama pakiti zilizo mkononi mwangu.

"Africa?" akauliza mmoja. "Thalaivar fan?" Thalaivar, yaani kiongozi, ndivyo wanavyomwita Rajinikanth.

Nilikuwa nimejifunza kile kitikisa-kichwa chao, kichwa kinayumba bega hadi bega, kinachoweza kuwa ndiyo, au sawa, au nimekusikia, au hebu niache. Nilikitumia kwa maana ya mwisho. Wao wakakipokea kwa maana ya kwanza.

Sijui nilifikaje kwenye lile jukwaa la mianzi. Nakumbuka mikono tu. Mmoja unasukuma, mwingine unavuta, mwingine umeshika mahali ambapo Tanga ungechukuliwa hatua. Mianzi ilifungwa kwa kamba, na kila nilipokanyaga ilinong'ona. Watu wa pwani tunadhaniwa wote wakwezi. Mimi hata ngazi ya kubadilishia balbu nashikiwa. Nikajikuta juu kabisa, kifua kwa kifua na Rajinikanth, nimekumbatia sikio lake. Kijana mmoja aliyening'inia pembeni akaing'ata pakiti ya Shangazi, akaitoboa, akanishikisha na kunielekeza utosini kwa staa.

Nikamwaga. Upepo wa bahari ukaingilia kati, na sehemu kubwa ya nusu lita ile ikamshukia askari polisi aliyekuwa chini akilinda usalama. Umati ukanyamaza. Askari akajipangusa shavu, akautazama mkono wake, akachovya kidole, akagusa jicho hili na jicho lile kwa heshima zote. Kisha akaninyooshea fimbo nishuke.

Ningeshuka kwa furaha. Miguu ndiyo iliyokataa. Vijana wakanivuta, nikazidi kulikumbatia sikio. Wakanibembeleza kwa Kitamil, nikafumba macho nikaanza Ayatul Kursi kwa sauti. Kule chini wakaona Mwafrika amesimama juu, macho yamefumba, anaomba dua, amegoma kumwachia Thalaivar. Kelele zilizopigwa sijawahi kuzisikia hata uwanja wa mpira wa Mkwakwani. Watu walilia. Mwandishi mmoja wa televisheni akapanda na kipaza sauti, mpiga picha nyuma yake, akaniuliza kwa Kitamil maswali marefu, na katikati yake nikalishika neno moja tu: politics. Nikayumbisha kichwa, kwa maana ya hebu niache. Akageukia kamera akatangaza jambo, na umati ukalipuka upya.

Ndipo kengele ya sinema ikalia. Onyesho la kwanza linaanza. Ndani ya dakika chache wote walikwisha: vijana, ngoma, mwandishi, hata yule askari nilimwona kwa macho yangu akiingia ndani na fimbo yake. Nikabaki mimi na Rajinikanth. Chini kulikuwa na muuza maua na ng'ombe mmoja, ng'ombe analamba maziwa ya Shangazi juu ya lami kwa ulimi mrefu, hana haraka. Nilimpigia yule mama ukelele. Akanipungia mkono kwa upole, akaendelea kufunga asumini zake. Naamini alidhani nimeweka nadhiri na hakutaka kunivunjia.

Aliyenishusha ni fundi aliyekuja kukagua kamba zake, mzee mwembamba aliyepanda na beedi, sigara yao ya jani, mdomoni, akanifunga kiunoni, akanishusha kama anavyoshusha vifaa vyake. Hakuniuliza kitu. Kandambili zilikuwa zimeshapata mwenyewe mwingine.

Nilifika wodini pekupeku, madoa mekundu ya boga hadi magotini. Televisheni ilikuwa inawaka. Nesi wanne walikuwa wamesimama mlangoni. Shangazi alikuwa ameegemea mito, amenikazia macho.

"Shikamoo, Shangazi."

Hakuitikia. Alinyoosha kidole kwenye televisheni, ambako nilikuwa bado nimemkumbatia mtu sikio, midomo inatembea.

"Yule ni nani?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Wewe nakujua. Huyo mwenye miwani."

Nikamweleza. Akatafakari. "Ingekuwa Amitabh," akasema, "ningekuelewa. Lakini maziwa yangu umwagie mtu hata simjui?"

Nesi mkuu, mama wa Kerala, jimbo la jirani, mwenye msalaba shingoni, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Watamil ndivyo walivyo, akasema, kwao Kerala watu wamesoma, hawaabudu waigizaji. Akatoa simu anipige picha, na nikaona kwenye kioo chake uso wa Mohanlal, mwigizaji wa kwao, mkubwa, unatabasamu, mahali ambapo mimi ningeweka mume. Tangu siku ile chai ya maziwa ililetwa kitandani kila asubuhi, na daktari bingwa, bwana ambaye kabla ya hapo alizungumza na goti tu, alifunga mlango, akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini: hivi kweli anaingia kwenye siasa? Maana televisheni zilikuwa zimeripoti kuwa shabiki kutoka Afrika, baada ya maombi, amethibitisha hivyo.

Nikayumbisha kichwa. Ningefanyaje?

Tulirudi Tanga, goti likapona. Tarehe 31 Desemba 2017 Rajinikanth akasimama mbele ya mashabiki wake Chennai na kutangaza kuwa anaingia kwenye siasa. Mzee wa Triplicane akanitumia ujumbe wenye mikono ya kusujudu mingi kuliko maneno. Shangazi akaieneza habari hiyo kwenye kikoba chake, mtaani, msibani, hadi mtu nisiyemfahamu akaja nyumbani kuniuliza Coastal Union watamaliza nafasi ya ngapi.

Miaka ikapita, chama hakionekani. Desemba 2020 bwana akalazwa Hyderabad, presha inapanda na kushuka, na siku chache baadaye akatangaza kwamba basi, afya hairuhusu, haingii tena. Simu yangu ikaita kabla sijamaliza kusoma habari yenyewe.

"Presha?" Shangazi akasema, bila salamu. "Presha tu? Mimi ninayo tangu enzi za Mwinyi, na uenyekiti wa kikoba sijauachia."