Anayerudia unga tusimfungie mlango
Mwandishi wa makala moja anauliza soba hausi, yaani nyumba za kuwasaidia wanaoacha dawa za kulevya, zina faida gani ikiwa vijana wengi wanarudia unga (heroini). Mimi nasaidia kwenye nyumba moja hapa Moshi. Kuna kijana zamani alikuwa analetwa na ndugu zake amefungwa kamba. Safari hii kaja mwenyewe kwa miguu, arosto (maumivu ya kukosa unga) imemkamata, makamasi yanamtiririka, anauliza kama kitanda chake bado kipo. Kwangu hiyo ni hatua, tena kubwa. Wa presha akiacha dawa akazidiwa, nani anamsimanga? (Shangazi zetu tu, labda.) Halafu aliyekaa safi akirudia yuko hatarini zaidi: mwili hauhimili tena kipimo cha zamani, akikipiga kilekile anaweza kufa. Ndiyo maana tunampokea hata saa nane usiku.