Kidokezo cha Teminali: Pambo Linalolipiwa kwa Kila Enter

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata. Moja ilikuwa kuu, inayohudumia wateja. Ya pili ilikuwa nakala yake, na ilikuwa imegoma kulandana na mwenzake. Akaamua kufuta folda ya data kwenye ile nakala ili aanze upya. Sekunde moja au mbili baadaye akashtuka: amri ameipiga kwenye seva kuu. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Data ya takriban saa sita ikapotea, na kampuni ilipotangaza hadharani orodha ya marekebisho, mojawapo lilikuwa kubadili PS1 kwenye seva zote ili mtu azitofautishe kwa jicho.

PS1 ni kigeu kinachoiambia sheli iandike nini kabla ya kukupa zamu. (Sheli ninayoisema hapa si ya kujazia mafuta, ni programu inayopokea amri zako ndani ya teminali, lile dirisha la kuandikia amri, kama Bash au Zsh.) Yale maandishi yanayoishia na alama ya dola, ambako kasa, yaani kile kialama kinachomemeta, hukaa ikikusubiri, ndiyo kidokezo.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu mjadala wa kupamba kidokezo huonekana kama wa watoto. Huku wapo wenye mishale ya rangi, nembo za lugha, saa na betri. Kule wapo wazee wa alama ya dola peke yake, ambao mengine yote kwao ni mbwembwe. Kambi zote mbili zinabishania sura. Kidokezo ni programu inayoendeshwa kila ubonyezapo Enter, kwa hiyo mimi huuliza kwanza kinanila muda gani, kisha kinaniokoa na nini.

Kidokezo cha kawaida, `PS1='\u@\h:\w\$ '`, hakikugharimu kitu. Jina lako, jina la mashine na folda uliyomo, Bash inavijua tayari. Mambo hubadilika unapotaka kuonyeshwa kama kuna faili ulizozigusa bila kuzihifadhi kwenye Git, programu inayotunza kumbukumbu ya mabadiliko ya faili za mradi. Ili ijibu swali hilo, Git hulazimika kuuliza hali ya kila faili inayoifuatilia, kisha kupekua folda zote kutafuta faili mpya. Kwenye mradi wa faili 200 hutahisi lolote. Kwenye mradi wa faili laki moja, juu ya laptopu ya mtumba yenye diski ya kuzunguka, Enter ya kwanza ya asubuhi inakupa nafasi ya kunywa fundo mbili za chai. Anayetumia Git Bash ndani ya Windows ana mzigo wa ziada, kwani kuanzisha mchakato huko ni ghali kuliko kwenye Linux, na kidokezo kilichoshonwa kwa amri ndogondogo huanzisha michakato kadhaa kabla hujaandika hata herufi moja.

Roman Perepelitsa amelipima jambo hili kwa makini kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Katika zsh-bench, chombo chake cha kupimia, ameweka mpaka: kidokezo kikirudi ndani ya milisekunde 10 baada ya amri, mtu hawezi kukitofautisha na cha papo hapo, kwa teminali mpya mpaka ni milisekunde 50. Sasa chukua mandhari, yaani pambo la kidokezo lililokwisha kutengenezwa, inayokula milisekunde 300. Ukibonyeza Enter mara 400 kwa siku, umepoteza dakika mbili, na dakika mbili si hoja. Hoja ni kwamba mkono hujifunza kusubiri. Unaanza kuikwepa teminali kwa mambo madogo bila kujua kwa nini.

Perepelitsa huyohuyo ndiye aliyeandika Powerlevel10k, mandhari ya Zsh iliyotoka mwaka 2019 kurithi nafasi ya Powerlevel9k. Hadi leo vigeu vyake vinaanza na POWERLEVEL9K, kwa sababu ilikusudiwa isome mipangilio ya zamani bila kumsumbua mtu. Badala ya kuita `git` upya kila mara, inatumia gitstatus, programu ndogo ya C++ inayobaki hai nyuma ya sheli na kugawa ukaguzi wa faili kwenye viini vya prosesa. Mradi ukiwa mkubwa mno, kidokezo hakisubiri: kinakuonyesha hali ya mwisho inayojulikana kwa rangi ya kijivu, kisha kinajisahihisha jibu likifika. Hicho kijivu nakipenda kuliko mishale yote. Kinakwambia wazi kwamba habari hii huenda imepitwa.

Kuna kipengele chake kingine kinachosifiwa sana, nami sikisifu kwa kiasi hicho. Ukifungua teminali, Powerlevel10k huchora kidokezo mara moja kwa kutumia akiba ya awali, huku `.zshrc`, faili ya mipangilio ambayo Zsh huisoma inapoanza, ikiendelea kusomwa nyuma yake. Unaweza kuanza kuandika, ila amri yako itangoja usomaji uishe. Watetezi wanasema jicho limeridhika, na kweli limeridhika. Lakini mwenye `.zshrc` inayochukua sekunde mbili kwa sababu inapakia nvm na conda (vyombo vya kubadilishia matoleo ya lugha za programu) na programu-jalizi ishirini za Oh My Zsh, mkusanyiko wa nyongeza za Zsh, asizozikumbuka amepewa panadol. Kama ndiyo hali yako, punguza kwanza huko.

Linalosumbua zaidi ni kwamba kazi yote hiyo ilibebwa na mtu mmoja. Mwaka 2024 aliandika kwenye ukurasa wa mradi kwamba msaada utakuwa finyu sana, vipengele vipya havitakuja, na hitilafu nyingi hazitarekebishwa. Wengine walihama wiki hiyohiyo. Sioni haraka ya nini: mandhari bado inafanya kazi, na Zsh, iliyoanza mwaka 1990, si programu ya kubadilika usiku kucha. Aliye nayo na abaki nayo. Anayeanza leo ndiye ningemshauri aangalie kwingine, maana kujenga mazoea juu ya kitu ambacho mwenyewe amekwisha kukuaga ni kujitafutia kazi ya kuhama baadaye.

Huko kwingine kwa wengi ni Starship, programu nyingine ya kupamba kidokezo. Imeandikwa kwa lugha ya Rust, mipangilio yake iko kwenye faili moja, `starship.toml`, na faili hiyohiyo inatumika kwenye sheli za Bash, Zsh, fish na PowerShell. Kwa mtu anayeshinda Windows ofisini na Linux nyumbani, faida hiyo peke yake inatosha. Kasi yake, hata hivyo, haifikii ya Powerlevel10k, kwa kuwa kila Enter huanzisha programu nzima upya. Tena ukiiacha ilivyokuja, ukiingia folda ya mradi wa Node, programu ya kuendeshea JavaScript, inaiita `node` ili iulize toleo lake. Toleo nililiona asubuhi, adhuhuri halijabadilika. Kikomo chake cha kusubiri amri ya nje ni milisekunde 500, yaani mara 50 ya mpaka wa Perepelitsa. Uzuri ni kwamba haifichi: `starship timings` inakuorodheshea kila kipande kimekula muda gani, na ukiona kinachokuchelewesha unakizima kwa mstari mmoja.

Wazee wa dola peke yake wana hoja moja ambayo vijana wa mishale huwa hawaijui. Aprili 2022 Git ilitoa toleo 2.35.2 kuziba udhaifu uliopewa namba CVE-2022-24765. Kwenye mashine ya watu wengi, mtumiaji mwingine aliweza kuweka folda ya `.git` mahali pa juu, yenye mipangilio inayoita amri zake. Hukuhitaji kuandika `git` wewe mwenyewe. Kuingia tu kwenye folda iliyo chini yake, ukiwa na kidokezo kinachouliza hali ya Git, kuliweza kuziendesha amri hizo kwa jina lako. Tangu hapo Git hukataa hazina (folda ya mradi inayofuatiliwa na Git) inayomilikiwa na mtu mwingine hadi uiruhusu kupitia `safe.directory`. Shimo limezibwa, ila funzo lake kwa mpambaji linabaki palepale: kidokezo chako kinatenda kazi hata usipokiomba.

Kuhusu fonti sina mengi. Nembo zile zinahitaji Nerd Fonts, fonti zilizoongezewa nembo, kwenye kompyuta unayoitazamia, na ukikalia ya mwenzako zinageuka visanduku vitupu. Mwalimu anayefundisha kwa projekta na aziache.

Kwenye seva za wateja siweki mandhari yoyote. Akaunti mara nyingi ni ya pamoja, na sina ruhusa ya kusakinisha urembo wangu kwenye mashine ya mtu. Naweka mstari mmoja tu, `PS1='\[\e[41m\]\u@\h\[\e[0m\]:\w\$ '`, unaolipaka jina la seva mandharinyuma mekundu. Yale mabano yenye mkwaju wa nyuma msiyaache. Mimi niliyaacha mara ya kwanza, Bash ikahesabu alama za rangi kama herufi zinazoonekana, na amri ndefu zikawa zinajikunja juu ya mstari wake zenyewe. Nusu siku nikiilaumu teminali bure.

Kwenye laptopu yangu ninatumia Starship yenye vipande vinne: folda, tawi la Git (mkondo wa mradi ninaoufanyia kazi), hali ya faili, na muda ambao amri iliyopita imechukua ikizidi sekunde mbili. Matoleo ya lugha nimeyazima yote. Saa niliiwasha wiki ya kwanza, nikaizima ya pili. Ipo kwenye kona ya skrini tangu nilipoinunua kompyuta.