Nyonyo, Mbono na Ardhi Isiyorudi

Kwenye grupu letu la ukoo kuna binamu yangu mmoja ambaye hakosi fursa. Tulipita kwenye kware, tukapita kwenye vanila, na juzi kaleta nyonyo. Katuma sauti ndefu kama hotuba ya bajeti: ndege za Ulaya zinatafuta mafuta yasiyochafua hewa, mafuta hayo yanakamuliwa kwenye mbegu, majirani zetu Kenya wameshaanza, sisi tumelala. Mwisho akaomba wazee waongee na mwenyekiti wa kijiji ili mwekezaji atengewe "yale mapori yasiyotumika".

Hapo kwenye mapori ndipo presha yangu ilipopanda.

Kuhusu ndege hadanganyi, nimpe haki yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mafuta ya ndege yanayojazwa kwenye viwanja vyao yawe na mchanganyiko wa mafuta safi: asilimia 2 kuanzia 2025, asilimia 6 ifikapo 2030, na kufikia 2050 iwe asilimia 70. Na kwa sababu mazao ya chakula hayakubaliki kwenye hesabu hiyo, macho yamegeukia mimea kama nyonyo, ilimwe kwenye ardhi wanayoiita iliyochoka. Kampuni ya mafuta ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni mwaka 2022, na mwaka huohuo shehena ya kwanza ya mafuta ikasafirishwa kwenda kwao. Soko lipo. Hata mwaka 2008 soko lilikuwepo.

Mmesahau mbono, ule mmea wa mafuta ambao wazungu huuita jatropha? Pipa la mafuta ghafi lilipanda hadi dola 147 Julai ile, Ulaya nayo ilikuwa inajipangia kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri iwe jadidifu, na huku kwetu kila semina ikawa ni mbono. Unaota popote, hautaki maji, mbuzi haugusi. La mbuzi ni kweli kabisa. Hayo mengine ni kweli nusu: mbono unaota hata penye ukame, ila kuota si kuzaa. Kwenye udongo mkavu unakupa majani na matumaini.

Baba yangu mdogo alipanda ekari mbili. Wakala alikuja na mbegu, daftari na ahadi ya kununua kila kilo. Siku ya kuvuna ndipo tulipoona kazi yenyewe. Tawi moja lina tunda la kijani, la njano, na lingine limeshakauka jeusi, kwa hiyo mti uleule unaurudia tena na tena. Unabangua ganda kwa vidole, ndani mna mbegu tatu, basi. Kilo moja inakula zaidi ya mbegu elfu moja. Watoto walifanya kazi hiyo wakiimba, baadaye wakiwa kimya, baadaye wakitoroka. Magunia yalipojaa, simu ya wakala ikawa haipatikani. Yalikaa stoo misimu kadhaa, hata panya hawakuyataka.

Lakini baba mdogo alikula hasara ya jasho tu. Aling'oa mibono, akapanda mihogo, maisha yakaendelea, kwa sababu shamba lilibaki kuwa lake.

Wa Kisarawe hawakuwa na bahati hiyo. Sun Biofuels ya Uingereza ilipata hekta 8,211 kutoka vijiji 11, kwa miaka 99. Mwaka 2011 mambo yakakwama, mamia ya vibarua wakaachishwa kazi, mradi ukauzwa kwa wengine. Kilwa, BioShape ya Uholanzi ilipata hekta 34,000, ikapanda kipande kidogo tu, na mwaka 2010 ikafilisika. Kwenye malipo yaliyotolewa, asilimia 60 ilibaki halmashauri, na vijiji vinne vikagawana kilichosalia.

Halafu? Hilo "halafu" ndilo sioni mtu akilijibu kwenye semina.

Kwa sheria yetu Tanzania, ardhi ya kijiji haipewi mgeni ikiwa bado ya kijiji. Lazima kwanza ihawilishwe, yaani ihamishwe kisheria, iwe ardhi ya jumla, ile inayosimamiwa na serikali na si kijiji. Ikizidi hekta 250, hata kauli ya mwisho si ya mkutano mkuu wa kijiji tena, inapanda kwa Waziri. Wanakijiji wengi huinua mikono wakiamini wanapangisha, kama unavyompangisha mtu chumba: akishindwa kodi, anatoka na vyombo vyake, nawe unabaki na chumba. Kumbe ardhi imeshatoka mikononi mwao. Kampuni ikifa, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Inabaki ya jumla, hati inazunguka kwa mnunuzi mwingine au kwa mfilisi, na mama aliyekuwa akipita pale kwenda kuteka maji anaambiwa na mlinzi kwamba anaingilia mali ya watu.

Huo ndio wizi unaoniuma kuliko bei mbovu na mbegu zisizozaa, na unafanyika mchana, kwa mihuri yote.

Na hayo "mapori yasiyotumika", nani kasema hayatumiki? Kuni zinatoka huko. Mizinga ya nyuki iko huko, uyoga wa masika, dawa za bibi, miti ya kujengea, malisho wakati wa kiangazi. Afisa akipita na gari haoni trekta, basi anaandika "tupu". Tena miombo ikifyekwa, hewa ya ukaa iliyotunzwa kwenye ile miti na udongo wake inatoka kwa wingi, na mafuta yako safi yanaanza kazi yakiwa na deni la miaka mingi. Sijui ni mazingira ya nani tunayaokoa.

Haya, niwe mwungwana kidogo. Brazili imetengeneza ethanoli ya miwa, spiriti ya kuendeshea magari, tangu mpango wao wa 1975 na magari yanatembea. Kenya ilishawahi kuchanganya petroli na ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni miaka ya 1980. Molasi ni masalia ya kiwanda cha sukari, hakuna kijiji kilichohamishwa kwa ajili yake, siwezi kuipinga. Na petroli yote tunaiagiza kwa dola, hilo linauma kila mtu. Kuhusu chakula nitasema moja tu: Wamarekani wanakamulia magari zaidi ya theluthi ya mahindi yao, na wao wana mahindi ya kuchezea.

Kwa hiyo binamu, kama ni nyonyo, ipandwe pembezoni mwa mashamba ya watu, kila mtu kwenye shamba lake, na mnunuzi aje na mkataba wenye bei ya chini kabisa iliyoandikwa. Akitaka hekta elfu kadhaa, mkutano mkuu umuulize kwanza: ukifilisika, ardhi inakuwa ya nani? Jibu lake liingie kwenye muhtasari neno kwa neno, lisomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kusaini, na nakala ibaki kijijini, isiondoke na gari la wageni.